Redio Iliyongoja Marahaba

Kitendawili!

Semeni "tega" basi, msinitazame hivyo. Mimi mtu mzima, nimepika, nimepakua, nimeosha masufuria, sasa nimeketi na sina haja ya kusimama tena.

Nimebisha hodi nikiwa mzima, nikanyimwa mlango. Nimebisha nikiwa maiti, nikafunguliwa na kuambiwa nile kwanza.

Mmeshindwa? Msinipe mji bado. Tulieni, jibu litakuja lenyewe kwa miguu yake.

Kisa hiki ni cha nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana nayo haijawahi kulitaja langu. Siyo hii. Hii yetu mambo yake yamenyooka, na wanaoyanyoosha najua wana masikio. Mkiniuliza nilifikaje kwenye nchi ile, nitawaambia nilizaliwa huko, nikalala, nikaamka, nikajikuta nimezeeka.

Nchi ile ilikuwa na jeshi, na jeshi lilikuwa na redio. Siyo hizi za kusikilizia taarabu. Ni redio za kupelekeana habari mbali sana, ng'ambo ya milima, mahali ambapo simu ya mkononi haioni hata alama moja. Binti yangu Zamda, kitinda mimba wangu, alikuwa koplo wa redio hizo. Siku moja akiwa likizo nilimuuliza, tukiwa tunachambua mchicha:

"Hebu nieleze, mama. Hakuna waya, hakuna mnara. Maneno yanapita wapi?"

"Yanarushwa juu, Mama. Kule juu sana kuna kitu kama dari. Yanaligonga, halafu yanateremka mbali, kwa mwenzangu."

"Dari hilo kaliweka nani?"

"Mungu. Jua ndilo linalolikoleza."

"Ndiyo maana nikasema. Lingekuwa la serikali, lingevuja."

Akacheka, akaniambia nipunguze sauti.

Shida, akasema, ni kwamba siku hizi redio zinapelekeana maandishi, na ziko nyingi, zote zinatumia dari lile lile. Zikisema kwa pamoja maneno yanagongana, hakuna linalofika. Isitoshe, dari lenyewe lina saa zake. Jua likipanda liko hivi, likishuka liko vile. Unayo nafasi yako fupi, uitumie. Kwa hiyo lazima pawe na utaratibu: nani aanze, nani angoje, anayepokea aitike vipi ili ijulikane kwamba amepokea. Serikali ilikuwa imeunda kamati ya kuuboresha utaratibu huo.

Niliposikia kuboresha, nikaacha mchicha nikashika kichwa.

*

Msomi wa kamati alikuwa Kanali Mbonea, mtu mpole, aliyekwenda ng'ambo kusomea redio na kurudi na miwani na kikohozi. Akasimama mbele ya wakubwa, akaeleza kwamba jambo ni rahisi. Kila redio isikilize kwanza. Ikisikia kimya, iseme lake kwa ufupi. Ikiitikiwa, inyamaze, ipishe nyingine.

Jenerali Ngwamba, mkuu wa majeshi yote ya nchi kavu, ya majini, na ya anga siku ndege itakapotengenezwa, akainua kidole.

"Kanali. Unataka kuniambia redio ya koplo inaweza kusema kabla ya redio yangu?"

"Ndiyo, afande. Kama ya kwako imenyamaza."

Jenerali akasogeza kiti nyuma.

"Kanali Mbonea, kwenu wewe ni wapi?"

"Ni huko huko milimani, afande."

"Na huko milimani mtoto anaingia ndani, babu yake amekaa, anapita moja kwa moja jikoni anaulizia ugali? Haamkii?"

"Anaamkia, afande."

"Basi!" Jenerali akaigonga meza. "Utaratibu umeshaboreshwa. Andikeni."

Wakaandika. Redio yoyote ikiwashwa, kabla ya neno lolote, ipeleke shikamoo kwa redio ya Jenerali, ingoje marahaba. Ikishapata, ndipo ishuke kwa mameja jenerali, kisha kwa mabrigedia, na kuendelea hivyo kwa heshima mpaka imfikie iliyemkusudia. Na marahaba ya mkubwa haitolewi na mwingine. Atakayeitikia shikamoo isiyokuwa yake, huyo ni mhaini.

Kanali Mbonea akakohoa. "Na ikitokea dharura, afande?"

"Dharura gani inamzuia mtu kuwa na adabu?"

Lakini Jenerali naye ana moyo, tusimsingizie. Akafikiri kidogo, uso ukalegea. "Msiba," akasema. "Nilipofiwa na mama mkwe, watu waliingia kwangu hawakuniamkia, walinipa pole moja kwa moja. Ile ni mila. Habari ya msiba ipite."

Hilo nalo likaandikwa, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

*

Kwenye uzinduzi tulialikwa wazazi wa askari. Tuliwekewa viti vya plastiki juani, chini ya turubai walikaa wageni. Redio moja ilisimamishwa upande huu wa uwanja wa mpira, nyingine upande ule, na ya Jenerali katikati juu ya meza yenye kitambaa cha satini.

Jenerali akahutubia. "Mataifa mengine," akasema, "yana redio za kasi. Kasi! Hata mwizi ana kasi. Sisi leo tunazo redio zenye malezi. Leo hii, kwa mara ya kwanza tangu binadamu aijue sauti, mashine imefundishwa kunyenyekea!"

Tukapiga makofi. Bendi ikapiga. Kisha habari ya majaribio ikaanza kusafiri, kutoka goli hili kwenda goli lile. Iliamkia, ikangoja, ikaitikiwa, ikashuka daraja, ikaamkia tena. Tulikula, tukanawa, wengine wakasinzia. Ndipo karatasi ikatoka kwenye ile redio ya pili imeandikwa: HAMJAMBO.

Vigelegele!

Kijana mmoja nyuma yangu alisema kwamba yeye angeweza kwenda kuwaambia kwa miguu. Wakamtoa nje kwa miguu hiyo hiyo.

Redio ya Jenerali ikapelekwa ofisini kwake, ikawekwa ndani ya kabati la kioo, na amri ikatoka kwamba haiwashwi yeye asipokuwepo. Haiwezekani shikamoo zake ziingie chumbani mwenyewe hayupo, nani atazilinda? Sasa Jenerali kazi yake mnaijua, ni ya safari. Leo mkutano, kesho matibabu ya goti, keshokutwa mkutano kuhusu goti. Siku hizo zote jeshi zima likawa linaliamkia kabati.

*

Zamda wangu akapangiwa Msuka, mpakani.

Kambi ya Msuka ilipangwa na wakubwa wakiwa mjini, wakiitazama ramani. Kwenye ramani palionekana mahali pazuri, tambarare, mchanga mweupe, hakuna kisiki. Kulikuwa hakuna kisiki kwa sababu ni mto. Mto wa msimu, unaolala kiangazi kizima na kuamka masika. Askari walipofika wakapiga mahema katikati ya mto mkavu kama walivyoamriwa, kisha wakainua macho. Juu kwenye matawi ya migunga, juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama, kulikuwa na magogo yamenasa.

Magogo hayapandi miti. Hata mimi wa darasa la saba najua.

Mkuu wao alikuwa Luteni Sekiboko, kijana mzuri, mchumba wake anasuka nywele huku kwetu Barabara ya Pili. Akatazama magogo, akatazama mawingu kwenye milima ya juu, akamwambia Zamda aombe ruhusa ya kuhamishia kambi kilimani. Kuhama bila ruhusa ni kutoroka vita. Kuna luteni mmoja kabla yake alisogeza hema lake kufuata kivuli, mpaka leo yuko ndani.

Zamda akaiwasha redio, akapeleka shikamoo. Kimya. Akapeleka nyingine.

Jenerali wakati huo alikuwa nchi ya baridi, amealikwa kuwaeleza wenzake jinsi ya kuzipa redio malezi.

Mimi nilikuwa sina habari na hayo yote. Nilijua tu kwamba mwanangu hajaandika, na kwamba usiku ule upepo ulikuwa unanukia mvua ya mbali. Asubuhi nikakaanga maandazi, nikajifunga khanga yangu ya kutokea, nikaenda makao makuu. Mlinzi alipoona maandazi akaona na mimi. Nikapelekwa mpaka chumba cha mitambo kwa Kanali Mbonea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Mimi nimeitika hapo hapo, wala sikwenda kuwashwa."

Akainama. Ukutani kulikuwa na ubao wenye taa ndogo ndogo, zinawaka na kuzimika.

"Hizo ni nini, mwanangu?"

"Kila moja ni kambi, Mama. Ikimetameta, ndiyo inaamkia."

"Ya Msuka ni ipi?"

Akanionyesha. Kijani, pembeni kabisa. Inawaka, inazimika. Inawaka, inazimika. Nilimlea Zamda, jamani. Alipokuwa mdogo akitaka kitu hakulii, anakuja anakugusa goti, anangoja, anakugusa tena. Ile taa ilikuwa yeye.

"Anasema nini?"

"Bado hajasema, Mama. Anaamkia. Tangu Jumatatu."

"Basi muitikie!"

"Mama, kitufe hiki hapa, nikikibonyeza anaitikiwa." Akakiweka kidole juu yake, lakini hakukibonyeza. "Marahaba ya Jenerali nikiitoa mimi, ni uhaini. Nina watoto."

"Na mimi ninaye," nikamwambia.

Tukasimama pale sote wawili tunatazama ile taa ya kijani, maandazi yanapoa. Mwisho nikamwachia sahani nikarudi nyumbani. Njiani sikumwamkia mtu wala sikuitikia. Watu wakasema bibi yule siku hizi anaringa.

*

Haya yaliyotokea Msuka nimeyapata kwa Zamda mwenyewe.

Mchana ule hapakuwa na mvua pale walipo. Jua lilikuwa kali. Lakini kutoka juu kwenye milima ukaanza kusikika mngurumo usioisha, na mchanga chini ya mahema ukaanza kulowa wenyewe.

"Koplo, jaribu tena," akasema Luteni.

"Nimeamkia, afande, mpaka redio imepiga magoti."

"Tuhame tu, basi!"

"Tukihama bila ruhusa, afande, tukifika juu tunapigwa risasi na watu wetu. Tukibaki tunaliwa na maji. Mimi naona tufe."

"Ati nini?"

"Tufe sasa hivi, kwa redio. Msiba unapita bila kuamkia. Umeandikwa."

Luteni akavua kofia, akajipangusa. "Tufe wote?"

"Wote, afande. Wakifa nusu, nusu iliyobaki itaitwa kujieleza."

"Koplo, mimi nina mchumba. Atalia!"

"Heri alie wewe upo, afande, kuliko alie wewe hupo."

Luteni akaivaa tena kofia yake. Zamda akaandika: POLENI. KIKOSI CHA MSUKA TUMEFARIKI WOTE KWA MAJI.

Jamani, mashine ile! Ile iliyochukua siku nzima kuvuka uwanja wa mpira, ilipitisha msiba kama umeme. Hata hajaondoa mkono, jibu limerudi, jina la Kanali Mbonea chini yake: POLENI SANA. ILI MAJI YASIICHUKUE, MIILI IPANDISHWE KILIMANI MARA MOJA. NJIA NI NDEFU, MAREHEMU WALE KWANZA.

Kama Kanali alijua au hakujua, mimi sisemi. Ana watoto.

Basi marehemu wakameza mkate wa jana wakiwa wamesimama, wakang'oa mahema yao, wakajibeba, wakapanda. Walipofika juu wakageuka, na mto ukapita pale walipokuwa wamelala. Ulichukua masufuria, mlingoti wa bendera na kiti cha Luteni cha kukunja. Zamda anasema kiti kilikwenda kimesimama vizuri kabisa, kama kuna mtu amekikalia.

*

Redio ya taifa ikatangaza. Bendera nusu mlingoti, nyimbo za maombolezo. Nilisikia jina la mwanangu likisomwa, na likasomwa vibaya.

Sitaki kuyasema sana ya siku zile. Nilikaa mkekani. Jirani yangu Bi Somoe akaingia jikoni kwangu akapasimamia, Mungu ambariki, alipika na kulia, alilia na kuonja. Watu wamejaa mpaka barazani. Siku tunayoanua matanga, nikasikia mtu anasema nje:

"Hodi wenyewe."

Sauti ile hata nikiwa kaburini ningeijua. Amesimama mlangoni, buti mkononi, tope mpaka magotini.

Matanga yakatawanyika. Waliopitia dirishani walipitia dirishani. Bi Somoe alitoka mbio na sinia la pilau kichwani, na baadaye sinia lilirudi, pilau haikurudi. Mimi sikukimbia, magoti yangu yalishakataa zamani. Nilimshika miguu kwanza, nikalikwangua lile tope kwa kucha. Lilikuwa tope kweli, la jana.

"Mama, shikamoo," akasema.

Nikaitika, halafu nikalia kuliko siku niliyoambiwa amekufa.

Mnadhani yameisha? Kesho yake akaenda makao makuu kutoa taarifa kwamba yu hai. Wakamwambia apeleke kwa redio, kwa utaratibu. Akapeleka. Kwa kuwa kuwa hai si msiba, ikabidi angoje marahaba.

Na Jenerali alikuwa amerudi, tena amerudi na nishani. Maana kule nchi ya baridi zilimfikia habari za Msuka, akawasomea wenzake mkutanoni: habari ya vifo vya kikosi kizima, kutoka mpakani mpaka makao makuu, kwa kufumba na kufumbua! Haijawahi kutokea. Wakasimama wakampigia makofi. Sasa mtu atamwambiaje kwamba maiti wenyewe wako kwenye foleni pale nje wanataka vitambulisho? Kama hawakufa, basi habari haikuwa ya kweli. Na kama habari haikuwa ya kweli, redio imeboreshwa nini?

Wakabaki wamekufa. Zamda akarudi kwangu, akawa ananisaidia kuuza vitumbua. Luteni Sekiboko alimwoa yule mchumba wake, lakini kwenye cheti mke ameandikwa mjane.

*

Mwaka ulipogeuka Jenerali akapita nyumba za mashujaa kuweka mashada. Kwangu alikuja na wasaidizi, wapiga picha, na Kanali Mbonea nyuma kabisa na kikohozi chake. Nikawatandikia mkeka, Jenerali nikampa kiti. Zamda akatoka jikoni na birika la chai ya tangawizi.

"Mama," Jenerali akasema, "binti yako ameliheshimisha taifa. Kifo chake kilifika mapema."

"Ahsante, baba. Jenerali, unapenda vitendawili?"

Wasaidizi wakacheka, wapiga picha wakasogea. Bibi na Jenerali, picha nzuri hiyo.

"Tega, Mama."

Nikamtegea kile nilichowategea ninyi. Akafikiri. Akamtazama msaidizi, msaidizi akaitazama karatasi, karatasi haikuwa na jibu.

"Nimeshindwa, Mama."

"Nipe mji."

"Chukua Msuka. Siku hizi hakuna mtu."

"Nimekwenda Msuka," nikasema, "nimekuta magogo juu ya miti. Chini sikumkuta mtu, kwa sababu walipanda kilimani kwa miguu yao. Mmoja wao amerudi kwetu. Ndiye huyo anayekumiminia chai."

Zamda akaweka birika chini. Akajifuta mikono kwenye khanga, akasimama wima, visigino pamoja.

"Shikamoo, Jenerali."

Neno lenyewe ni moja tu, na halina gharama. Jenerali akafungua mdomo, nikauona ulimi wake unakwenda kulichukua. Kisha akaitazama nishani kifuani mwake. Akawatazama wapiga picha. Kule nyuma Kanali Mbonea alikuwa amevua miwani, ameishika tu.

Mdomo ukafungwa.

"Chai yako tamu, Mama," Jenerali akasema, na hakuwa hata ameionja. Akainuka, wakainuka wote, wakaliegemeza shada kwenye mtungi wangu wa maji, wakaenda zao. Magari yakanguruma, vumbi likabaki.

Zamda alikuwa bado amesimama pale pale.

"Keti, mwanangu."

"Bado, Mama. Hajaitika."

Nikamtazama. Nikakumbuka ile taa ya kijani, inawaka, inazimika, na kidole cha msomi mzima kimekaa juu ya kitufe, hakibonyezi. Mimi ni mzee, nimechoka, na watoto wangu nimeshawalea. Wakija kunichukua, watanikuta hapa hapa.

"Marahaba, Koplo," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Keti."

Akaketi, akavuta kikombe cha Jenerali, akanywa.